Jioni mzizi ulipokufa

Ilikuwa Alhamisi, Septemba 30, 2021, kwenye steshenari moja ya Tanga yenye kompyuta sita. Saa kumi na moja jioni ilipopita kidogo, dada aliyebakiza ukurasa wa mwisho wa fomu ya kuomba kazi akaita, "Fundi, hii imegoma." Chrome ilikuwa imeandika kwamba muunganisho si wa faragha, na chini yake NET::ERR_CERT_DATE_INVALID.

Ukiona DATE, unaanza na saa. Kivinjari hulinganisha tarehe za cheti cha tovuti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha kuwa tovuti ni yenyewe, na saa ya kompyuta; betri ya CR2032 kwenye bodi ikifa, kompyuta hurudi miaka nyuma na kila cheti huonekana bado hakijaanza kazi. Lakini saa ilikuwa sawa, hata mwaka, ambao wengi husahau kuutazama. Halafu barua pepe zilifunguka. Ingekuwa saa, nazo zingegoma.

Dada akajaribu kwa simu yake: tovuti ileile, bila onyo. Wateja wakaanza, "Bonyeza tu uendelee." Kwenye ukurasa unaotaka nywila na namba ya NIDA? Hapana.

Tukabonyeza onyo lililo kando ya anwani, tukafungua cheti, tukaenda kichupo cha tatu, kinachoonyesha ukoo wake. Cheti cha tovuti kilikuwa kizima. Aliyekufa ni babu, juu kabisa, na alama nyekundu: mzizi, yaani cheti ambacho kompyuta hukiamini moja kwa moja na vingine hukiegemea, uitwao DST Root CA X3, kuanzia Septemba 30, 2000 hadi siku hiyohiyo. Kwa saa zetu muda wake uliisha saa kumi na moja na dakika moja. Let's Encrypt, shirika lililotoa cheti cha tovuti ile, waliuegemea mzizi huo tangu walipoanza, kwa kuwa wa kwao, ISRG Root X1, ulikuwa bado haujulikani kwenye vifaa vingi.

Windows huletewa mizizi mipya kimyakimya, ila zile Windows 7 za dukani zilizimiwa masasisho ili zisile bando. Simu mpya zina mzizi mpya tayari. Na Android za zamani hazijali tarehe ya mwisho ya mzizi zinaouamini, nazo zikapona.

Kompyuta moja ilikuwa na Firefox, inayobeba mizizi yake yenyewe. Kwa hiyo tukaitumia hiyo kupakua cheti cha mzizi mpya, isrgrootx1.der, kutoka letsencrypt.org. Mzizi hausakinishwi kwa imani: tulifungua cheti hichohicho kwenye laptopu ya Windows 10 ya mwenye duka, tukasomeana alama yake ya utambulisho (thumbprint) yote, herufi na tarakimu 40, kuanzia CA BD 2A 79.

Mara ya kwanza tuliiachia Windows ichague pa kukiweka. Ikakitupa kwenye vyeti vya kati, onyo likabaki palepale. Mara ya pili tukachagua wenyewe "Trusted Root Certification Authorities", tukakubali swali la mwisho, tukaifunga Chrome kabisa pamoja na ile alama yake inayojificha karibu na saa.

Ukurasa ukafunguka saa kumi na mbili kasoro. Tovuti ilikuwa imeshamtoa yule dada, akaingia upya na kuandika tena ukurasa ule mmoja, wakati sisi tukizunguka na flashi kwenye kompyuta zilizobaki.