Trekta lilikataa kuwaka, kumbe ni rangi

Tangu mvua zianze, trekta letu la zamani la dizeli, hapa shambani barabara ya Kasenga nje ya Lubumbashi, lilikuwa likijibu ufunguo kwa "tak" moja tu. Taa zinafifia, basi. Na mahindi yanangoja.

Nilichaji batri hadi volti 12.6, tak. Nikaazima batri ya lori la mjomba, tak. Nikashusha demarere, ile mota ya kuwashia injini, nikaipeleka kwa fundi komini ya Kenya, hapo hapo Lubumbashi, akabadilisha makaa, vile vipande vya kaboni vya kupitisha umeme ndani yake. Pesa ikaenda, tak ikabaki.

Jana, baada ya kujaribu mara tatu mfululizo, nikashika ule waya wa kuvuta wa kuzimia injini. Unachoma! Waya huo hauna kazi yoyote ya umeme. Maana yake umeme wa demarere ulikosa njia ya kurudi kwenye batri, ukapita humo.

Nikaweka mita ya volti: ncha moja kwenye hasi ya batri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kijana akazungusha ufunguo. Volti 5! Hapo isizidi nusu volti hivi.

Nikafungua boliti ya masi, pale waya wa hasi ya batri unapofungwa kwenye chuma cha trekta. Chini ya kichwa cha waya: rangi nyekundu, nzito, inang'aa, imeziba njia ya umeme. Niliipaka mwenyewe Agosti, trekta lipendeze. Nikakwangua hadi chuma kikawa cheupe, upana wa sarafu, nikasugua pia kichwa cha waya kwa msasa, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu (siyo kabla).

Mita: 0.2. Likawaka mara moja, kijana akaruka.