Sakafu ya gari, chumvi ya pwani na laina nyeusi

Sakafu ya Suzuki yangu imepakwa laina mara mbili. Mara ya kwanza niliipaka mwezi wa Mei, na ilipofika Agosti ilikuwa inabanduka vipande vizima kama ukoko wa wali uliorowekwa. Mara ya pili niliipaka Februari, na mpaka leo, baada ya mwaka mmoja na zaidi, imeshika isipokuwa mahali pamoja. Laina yenyewe ilikuwa ile ile, ya duka lile lile. Kilichobadilika ni kazi niliyoifanya kabla ya kulifungua kopo.

Kwa asiyeijua, laina ni rangi nzito ya poliyurethani, aghalabu nyeusi, iliyochanganywa na chembechembe za mpira, ambayo wenye pikapu huipaka sehemu ya mizigo ili bati lisikwaruzwe. Mimi sina pikapu, lakini mwisho wa juma huenda Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, kuvua kwa mshipi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikirudi na sanduku la barafu linalovuja, ndoo ya chambo na nguo zilizolowa maji ya bahari, vyote vikitandazwa juu ya zulia la kiwandani. Chini ya zulia hilo pana tabaka nene mfano wa blanketi, lililowekwa kupunguza kelele na joto, nalo likishanywa maji ya chumvi haliyaachi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani mara unyevu unapofikia takriban asilimia 75, na hapa kwetu asubuhi nyingi huwa zimekwisha kukipita kiwango hicho. Ndiyo sababu chupa ya chumvi jikoni hulowa bila ya mtu kuitia maji. Basi hata wiki ambazo sikwenda baharini, bati lilikuwa limelala juu ya kitanda kibichi. Bandu bandu huisha gogo, na sakafu yangu ilikuwa inakwisha vivyo hivyo.

Mara ya kwanza nilidhani kwamba laina ni dawa ya kutu. Niling'oa zulia, nikafagia, nikapangusa kwa kitambaa kilichotiwa petroli kama nilivyowaona vijana wa gereji wakifanya, nikapiga msasa pale palipoonekana kutu, nikapaka jioni moja ya masika baada ya mvua kukatika. Ilipoanza kubanduka nilimwita fundi mmoja mzee wa Likoni, ambaye amenyoosha bodi za magari tangu mimi niko shule. Alikiokota kipande kilichobanduka, akakigeuza, akagusa upande wa chini kwa ncha ya ulimi.

"Mwanangu," akaniambia, "hukupaka bati wewe. Ulipaka chumvi."

Nilimjibu, "Ami, lakini nilipangusa kwa petroli." Alicheka. Petroli huondoa grisi na kuacha utando wake wa mafuta, na chumvi haiyeyuki kwa petroli hata kidogo. Chumvi huondoka kwa maji matamu. Kosa la pili lilikuwa la saa. Laina ya kopo moja, yaani isiyohitaji kuchanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo unyevu wenyewe si adui yake. Adui ni maji yaliyotua juu ya bati kama umande. Poliyurethani mbichi ikikutana na maji hayo hutoa gesi ya kaboni dioksidi, nayo ndiyo iliyoyaumba malengelenge niliyokuwa nikiyatumbua kwa kidole.

Nilisubiri kaskazi. Kuanzia Disemba hadi Machi upepo huo hutuletea siku kavu, na bati lililoanikwa kivulini likapigwa upepo huwa salama kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Niling'oa viti, mikanda na reli zake, nikatoa karibu vizibo vyote vya mpira vilivyomo sakafuni, nikaiosha sakafu kwa sabuni na maji ya bomba siku tatu mfululizo, kila siku nikiacha maji yatoke kwa matundu yale yale. Mwenye gari jipya zaidi kuliko langu asisahau kuondoa waya za betri na kungoja kidogo kabla ya kugusa viunganishi vya rangi ya manjano chini ya viti, kwa kuwa hivyo ni vya mifuko ya hewa ya usalama.

Kazi ya msasa ilinichukua muda mrefu kuliko zote. Rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri haihitaji kuondolewa, inahitaji kukwaruzwa mpaka mng'ao wote ufe, na msasa wa namba 80 hadi 180 unatosha. Penye kutu ndipo pa kushuka hadi chuma cheupe kwa brashi ya waya, kisha mabaki yaliyojificha kwenye vishimo yatiwe dawa yenye asidi ya fosforiki, na chuma kilicho wazi kipakwe praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha. Chini ya mguu wa dereva nilikuta tundu linalopitisha kidole. Nilishawishika kuliziba kwa laina, maana ni nzito na ingelificha, lakini laina haina nguvu ya kushikilia bati ambalo halipo. Ami alikata kipande kilichooza akachomelea kipya. Kazi ya kuchomelea ni lazima itangulie kupaka, kwani poliyurethani ikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Nilipangusa kwa thina safi, nikibadilisha vitambaa kila mara. Hapa nina lalamiko dogo: ile dawa ya kung'arisha dashibodi ambayo waosha magari hupulizia bila kuulizwa mara nyingi ina silikoni, na palipo na silikoni rangi hukimbia na kuacha vishimo. Kisha nikaziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi kila tundu la skrubu na kila mahali ambapo waya wa arthi unafungwa kwenye bodi, maana arthi iliyopakwa laina huleta matatizo ya umeme ambayo fundi wako atayatafuta wiki nzima.

Nilipaka kwa rola na brashi, si kwa bunduki ya kupulizia. Bunduki huacha sura nzuri zaidi, lakini ndani ya gari hujaza hewa ukungu wa isosianeti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Hata kwa rola nilivaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, milango yote wazi na feni ikivuta hewa kutoka upande wa pili. Anayechagua laina ya vitu viwili, kama vile Raptor, ambayo huchanganywa sehemu 3 za rangi kwa sehemu 1 ya hadina, achanganye kidogo kidogo, kwa sababu katika joto letu hugandia koponi mapema kuliko ilivyo kwa watu wa nchi za baridi. Matabaka mawili membamba yalinifaa kuliko moja nene, ambalo hukauka juu na kubaki mbichi chini.

Nimepoteza utulivu wa zulia. Injini nasikia kama niko nayo kitini, na palipo juu ya giaboksi joto hupenya viatu vyepesi, hivyo nimetandika mikeka ya mpira ambayo naitoa nikirudi baharini. Uso wa laina una mikwaruzo inayokamata mchanga, na kitambaa hakifui kitu. Brashi ngumu ndiyo yake.

Mahali palipobanduka ni kandokando ya kizibo cha nyuma upande wa kushoto. Vizibo vingine nilivitoa, hicho nilikipaka pamoja na sakafu kwa uvivu, na siku nilipokivuta ili kumwaga maji kiliondoka na pete ya laina upana wa kidole. Nimeikwaruza, nimeipaka praima, na kopo lililobaki, nililoligeuza juu chini ili ngozi iliyoganda ikae kitakoni, linangoja Jumapili isiyo na mvua.