Amed, Mji wa Kuta Nyeusi

Ukijitambulisha Diyarbakır, mji wa Wakurdi kusini mashariki mwa Uturuki, kuwa umetoka Nairobi, hakuna anayekuuliza habari za simba wala wakimbiaji wa marathoni. Wanakutazama kidogo, kisha wanakutajia mwezi na mwaka: Februari 1999. Ndipo Abdullah Öcalan, mwanzilishi wa PKK, chama cha Wakurdi kilichoshika silaha dhidi ya serikali ya Uturuki, alipokamatwa jijini kwetu baada ya kufichwa kwenye makazi ya balozi wa Ugiriki, akapelekwa Uturuki na kufungwa katika kisiwa cha İmralı, aliko mpaka leo. Muuza chai mmoja karibu na kituo cha mabasi aliniambia ameisamehe Kenya, kisha akakataa pesa yangu.

Niliingia kwa basi kutoka Gaziantep, mwishoni mwa Oktoba 2025. Ukishaipita Siverek ardhi inabadilika. Karacadağ ni volkano ya kale, na mashamba yamejaa mawe meusi kama yale ya Shetani kule Tsavo. Mji wenyewe, ambao Wakurdi huuita Amed, umezungushiwa ukuta wa mawe hayohayo, karibu kilomita 6. Chini ya ukuta kuna bustani za Hevsel, na baada ya bustani mto Tigri, ule ambao Biblia zetu zinauita Hidekeli.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mmoja wa walimu zaidi ya 11,000 waliosimamishwa kazi mwaka 2016 kwa tuhuma za kuwa na uhusiano na PKK. Nitamwita Mwalimu tu. Alinianzishia ziara Dağkapı, uwanja ambako Sheikh Said, kiongozi wa Kikurdi aliyeiasi serikali, alinyongwa mwaka 1925 baada ya uasi wake kushindwa. Hapo alinisomea historia kwa haraka, kama mtu aliyechoka kuirudia. Baada ya mapinduzi ya 1980, gereza la kijeshi la mji huu likawa mahali pa mateso. Mwaka 1983 ikatoka sheria iliyopiga marufuku kuchapisha na kutangaza kwa Kikurdi. Agosti 1984 PKK ikaanza vita kwa kushambulia Eruh na Şemdinli. Tangu hapo wamekufa watu zaidi ya 40,000. Na Leyla Zana, aliyechaguliwa kuwa mbunge mwaka 1991, akaongeza sentensi moja ya Kikurdi kwenye kiapo chake bungeni. Miaka mitatu baadaye alikuwa mahabusu, na hakutoka gerezani hadi 2004.

"Sasa mwambie kijana wa miaka ile kwamba Bunge ndiyo njia," Mwalimu alisema.

Nilidhani anaitetea bunduki. Kumbe alikuwa ananipeleka Sur, mji wa kale ulio ndani ya ukuta, na huko maneno yake yalikuwa makali zaidi.

Nusu moja ya Sur bado ina vichochoro vya kupishana watu wawili, watoto wanacheza mpira, harufu ya maini ya kuchoma tangu asubuhi. Nusu nyingine ni mpya: barabara pana, nyumba safi zilizopambwa kwa mawe meusi, maduka yanayosubiri wateja. Waziri mkuu wa wakati huo, Ahmet Davutoğlu, aliahidi kuijenga Sur iwe kama Toledo ya Hispania. Sijawahi kufika Toledo, lakini natumaini wenyeji wake hawakuhamishwa ili ipendeze.

Juni 2015 chama cha HDP, chenye mizizi katika harakati za Wakurdi, kilipata asilimia 13 ya kura na viti 80, kikivuka kizuizi cha asilimia 10 cha kuingia bungeni kilichokuwa kimewabana kwa miaka mingi. Wakati huo usitishaji mapigano kati ya PKK na serikali, uliotangazwa papa hapa Diyarbakır, siku ya Newroz (mwaka mpya wa Wakurdi) ya 2013, ulikuwa bado unashikilia. Julai likalipuka bomu Suruç, wakauawa polisi wawili Ceylanpınar, na mazungumzo yakafa. Vijana wakachimba mahandaki ndani ya vichochoro vya Sur na kujitangazia utawala wao. Serikali ikaleta vifaru. Uchaguzi uliporudiwa Novemba, viti 80 vikashuka hadi 59.

"Tulikuwa na wabunge themanini," Mwalimu alisema. "Nani aliyeomba handaki?"

Nilimuuliza, na vifaru je? Akasema vifaru haviombwi, vinasubiri kisingizio.

Tulisimama kwenye Mnara wa Miguu Minne, mnara wa msikiti unaobebwa na nguzo nne katikati ya njia. Hapo, tarehe 28 Novemba 2015, Tahir Elçi, mwenyekiti wa chama cha mawakili cha Diyarbakır, alizungumza na waandishi wa habari. Nguzo zilikuwa zimepigwa risasi, naye alikuja kuomba kwamba silaha na mapigano yakae mbali na eneo hili la kale. Dakika chache baadaye alikuwa amelala chini, amekufa kwa risasi. Polisi watatu walishtakiwa, na Juni 2024 wakaachiwa huru. Kwangu mimi, hakuna mtu aliyekuwa na hoja safi kuliko yake katika mji huu, na ndiye aliyekuwa hana ulinzi wa upande wowote.

Jioni tulikula kando ya daraja la Macho Kumi, lililojengwa mwaka 1065. Mpwa wa Mwalimu alijiunga nasi. Mazungumzo yalikuwa juu ya habari za wiki ile: PKK, iliyotangaza Mei kwamba inajivunja na Julai ikachoma bunduki za kwanza karibu na Sulaymaniyah nchini Iraki, ilikuwa imesema sasa inawaondoa wapiganaji wake Uturuki. Mwalimu alikuwa na furaha ambayo hakutaka ionekane. Kijana alikuwa anatafuna mbegu za alizeti.

"Kura yangu ya kwanza niliipiga 2019," aliniambia. "Meya wetu alikaa ofisini miezi minne na ushei, serikali ikamwondoa ikaweka wa kwake. Demirtaş, aliyekuwa kiongozi mwenza wa HDP, hakushika bunduki. Yuko gerezani tangu 2016, na mahakama ya Ulaya imesema aachiwe."

Mwalimu alimkumbusha rafiki yake wa shule, aliyeingia mahandakini Sur na hakutoka. Kijana akasema anamkumbuka bila kukumbushwa.

Kisha Mwalimu akaanza kueleza kamati ya kushughulikia amani iliyoundwa bungeni Agosti, nani kaitwa kutoa maoni, sheria gani inaweza kutoka: wafungwa, lugha ya mama shuleni, mameya. Alikuwa anafuatilia kila kikao kwenye simu. Mpwa wake alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Mjomba anataka niiamini karatasi," akanigeukia. "Sawa. Waiandike basi."