Nilienda Queens, Nikaiona Grogan

Sisi Wakenya wa Lowell, Massachusetts, tukifunga safari ya New York huwa tuna sababu inayoeleweka: pasipoti, harusi, matanga, au kumpokea mtu uwanja wa JFK. Safari hii mimi nilikuwa nakwenda kutazama sinema. Binamu yangu anayeishi Woodside alinicheka kwenye simu. "Nauli yote hiyo uje kumwona Eddie Murphy? Si tulimmaliza kwa kanda za video tukiwa watoto?" Nikamwambia akande unga wa chapati, mengine tutaongea nikifika.

Kilichonivuta ni Museum of the Moving Image, makumbusho ya filamu na televisheni yaliyoko Astoria, ndani ya Queens, wilaya mojawapo ya jiji la New York. Wana mfululizo wa maonyesho uitwao Queens on Screen: filamu zilizopigwa Queens au zinazosimulia maisha ya huko, zikionyeshwa hukohuko, mbele ya wenyeji. Manhattan tumeiona kwenye skrini mpaka tumeikinai. Queens ndiko wanakolala wanaoipikia Manhattan, wanaoiuguza na wanaoiendesha kwa teksi, na nilitaka kujua wao hujitazamaje.

Kuhusu basi kutoka Boston sina la kusema ila foleni ya Connecticut. Pale kituo cha Port Authority nilipita njia ya chini kwa chini hadi Times Square, nikapanda treni ya N. Ikishavuka chini ya mto, treni hiyo inaibuka juani Queens na kupanda juu ya nguzo za chuma, ikawa inapita usawa wa madirisha ya watu. Unaona viti vya plastiki juu ya paa, baiskeli ya mtoto kwenye ngazi ya moto, mzee na kikombe chake. Nilishuka 36 Avenue, nikamalizia kwa miguu.

Studio za Astoria zilifunguliwa mwaka 1920, enzi za filamu zisizo na sauti, na kampuni iliyokuja kuitwa Paramount. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: waigizaji wakubwa walikuwa Broadway, kwa hiyo wapige filamu mchana Queens, jioni wavuke mto warudi jukwaani. Ndugu wa Marx, kundi la wachekeshaji, walipigia hapo filamu zao mbili za kwanza zenye sauti. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likazichukua studio hizo, likawa linatengenezea humo filamu za kufundishia askari, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Makumbusho yenyewe yamo katika jengo mojawapo la studio hizo, na yalifunguliwa 1988. Ni mwaka uleule Eddie Murphy alipotoka na Coming to America, sinema niliyokuja kuitazama.

Muda wa filamu ulikuwa haujafika, nikazunguka ghorofani. Kuna kibanda cha kutia sauti ambapo unavaa vipokea sauti, unaonyeshwa kipande cha filamu, nawe unajaribu kuongea midomo ya mwigizaji isikuache nyuma. Watoto wa shule walikuwa wamepanga foleni. Nikamkumbuka DJ Afro, yule wa Kenya anayesimulia filamu za nje kwa lugha yetu, ambaye hajawahi kuhangaika na midomo ya mtu: yeye humpa Mchina jina la Kikuyu, akamtungia mkwe na deni la duka, na filamu ikanoga kuliko ilivyokuwa. Wangemwita siku moja tu kwenye kibanda kile, wangebadilisha maelezo yote yaliyobandikwa ukutani.

Ukumbi mkubwa una viti 267, kuta zake za buluu iliyokolea kutoka sakafuni hadi dari. Ulikuwa umejaa zaidi ya nusu, na wengi walikuwa watu wa makamo waliokuja na watoto wao.

Hadithi unaijua: mwana wa mfalme wa Zamunda anakwenda Marekani kutafuta mke atakayempenda bila kujua utajiri wake, na anachagua Queens kwa sababu ya jina, kwamba hapo pana malkia. Nilichokuwa sijui ni jinsi watu wa Queens wanavyoitazama. Utani wenyewe wanaujua kwa moyo, hawaucheki sana. Wanachochekea ni mahali panapoonekana nyuma ya waigizaji. Ulipotokea mgahawa wa McDowell's, ukumbi ulilipuka kwa makofi, na mama aliyekaa nyuma yangu akamwelekeza binti yake kwa sauti ya kusikika na wote: ile ilikuwa Wendy's ya Queens Boulevard, kule Elmhurst, baba yako alininunulia chipsi pale. Ni kweli, ilikuwa Wendy's halisi iliyobadilishwa mabango, na ilifungwa 2013. Mwana wa mfalme na rafiki yake walipofika kwenye jengo bovu walilopanga chumba, mzee mmoja akapaza sauti: "Hiyo ni Brooklyn!" Watu wakamzomea mwongozaji kana kwamba yuko mlangoni.

Mimi nilikuwa nimekaa pale, mtu pekee katika safu yangu ambaye pengine angeweza kusema ametoka upande wa Zamunda, na sikuwa na cha kumwonyesha mtu. Filamu inaanza na Mbube ya Ladysmith Black Mambazo, na hapo kidogo nilijisikia nyumbani. Baada ya hapo ni jumba la kifalme la kujengwa, tembo bustanini na ngozi ya simba begani kwa mfalme. Queens walikwenda kuipiga kwenyewe, na Afrika wakaitunga. Sikukasirika, nilicheka nayo tangu utotoni na nitaendelea kucheka. Ila siku hiyo niliona wazi tofauti kati ya kuchekeshwa na kujiona.

Kesho yake ikawa zamu ya Chop Shop, ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Ramin Bahrani. Watu walikuwa wachache zaidi. Imepigwa Willets Point, kipande cha gereji na maduka ya vipuri kando ya uwanja wa besiboli wa Mets, barabara za mashimo yanayogeuka mabwawa mvua ikinyesha, pasipo hata mfereji wa majitaka. Mvulana wa miaka kumi na miwili anafanya kazi na kulala katika gereji, kwenye chumba cha mbao juu ya magari, yeye na dada yake. Anadunduliza hela za kununua gari la kuuzia chakula. Mwenye gereji kwenye filamu ni mwenye gereji kweli.

Kuna mahali mvulana anasimama katikati ya barabara anapungia magari yanayopita: kioo? breki? rangi? Anakimbia sambamba na dirisha la dereva huku akitaja bei. Nikakaa wima kitini. Huyo ni kijana wa Grogan, kule kwetu kwenye gereji na maduka ya vipuri! Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hata hujazima injini ameshaweka mkono kwenye mlango anakuambia bamba lako limelegea. Bati zilezile, oili ileile iliyoshika udongo ukawa mweusi, jamaa aliyelala chini ya gari miguu tu ikionekana, na mwingine anapaka plasta ya bodi kwa kipande cha kadi. Hata redio iliyopachikwa kwenye rafu ya matairi. Hakuna aliyeniahidi Afrika katika filamu ile. Waigizaji wengi wanaongea Kihispania. Lakini ndiyo iliyonipeleka nyumbani.

Mwishoni binamu alikuwa ananisubiri nje na Corolla yake, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu. Nikamwomba tupite Willets Point kabla ya chapati. "Kuna nini huko tena?" Nikamsimulia filamu njiani, akaanza kuchangamka, maana yeye ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza kutazama Nairobi Half Life ya 2012, ile ya kijana wa kijijini anayetaka uigizaji akaishia kwenye genge la kuiba vipuri vya magari. Tukabishana hadi tukafika: hiyo ndiyo ingefaa kuonyeshwa pale Makumbusho ya Nairobi, na wenye maduka wa Grogan wapewe viti vya mbele. Binamu alisema wakipewa viti vya mbele watatoka na viti.

Willets Point ya filamu imekwisha sehemu kubwa. Pana uzio mrefu, winchi, na majengo mapya yanayopanda, pamoja na uwanja wa kandanda wa klabu ya New York City FC unaotarajiwa kufunguliwa 2027. Mafundi wengi waliondolewa miaka iliyopita. Baadhi yao walihamia Hunts Point, Bronx. Pembeni tulikuta gereji chache bado ziko wazi, na kabla hatujaegesha kijana alishafika dirishani kwetu, akaugonga kwa kidole ule upande wa kioo cha pembeni uliopasuka tangu majira ya baridi.

Alitaja bei kwa Kihispania. Binamu, ambaye lugha hiyo ameokota kazini, akataja nusu yake. Kijana akacheka, akashika kifua kama aliyechomwa kisu, akaondoka. Akarudi. Mimi nikashuka nikasimama kando, kwa sababu Corolla ya Grogan na Corolla ya Queens bei yake huwa inapanda wakiona mmekuja wawili.