Kigingi cha erhu kinateleza? Usikimbilie rozini

Uzi wa nje wa erhu, fidla ya Kichina yenye nyuzi mbili, umeachwa jioni ukiwa noti ya A, hezi 440. Asubuhi umelegea, umeshuka kwa toni nzima au zaidi. Wengi huchukua rozini (utomvu mkavu unaopakwa upinde ili ushike nyuzi), wakaipaka kigingi, kile kijiti cha kukazia uzi, na kukisukuma kwa nguvu zote. Kigingi hushika kwa siku kadhaa, kisha huanza kunata na kuruka: unakizungusha hakisogei, unaongeza nguvu kidogo, kinaruka na kuipita noti. Sasa kuna matatizo mawili badala ya moja.

Kwanza hakikisha kwamba kinachoteleza ni kigingi. Tuni, halafu chora mstari mwembamba wa chaki unaoanzia kwenye kigingi na kuishia kwenye shingo. Sauti ikishuka na mstari haujakatika, kigingi hakina kosa. Angalia kama uzi ni mpya na bado unajinyoosha, kama fundo lake linateleza, kama qianjin (ule uzi unaozifunga nyuzi mbili kuelekea shingoni) imepanda au kushuka, au kama kidaraja (kipande kidogo kinachoinua nyuzi) kimesogea juu ya ngozi ya chatu. Mstari ukikatika, endelea kusoma.

Kigingi cha mbao hakina skrubu wala gundi. Ni mti uliochongwa ukapungua unene kuelekea nchani, ukaingizwa kwenye tundu lililotobolewa kwa mteremko uleule. Huingia kwa nyuma ya shingo, na ncha yake nyembamba hutokeza mbele, ndipo uzi unapozungushiwa. Cha juu hubeba uzi wa ndani, D. Cha chini hubeba uzi wa nje, A. Kinachokishika ni msuguano tu, na msuguano huo unahitaji kigingi kiguse tundu pande zote mbili, nyuma na mbele. Zamani, nyuzi zilipokuwa za hariri, kosa dogo lilivumilika. Chuma hakinyumbuki kama hariri, kwa hiyo kigingi kikirudi nyuma kwa upana wa unywele, sikio linasikia.

Legeza uzi mmoja tu, uache wa pili ukiwa umekazwa ili kidaraja kisianguke. Toa kigingi kwa kukizungusha huku ukikivuta kwa nyuma; usikigonge. Kifute kwa kitambaa kikavu, kisha kitazame kwenye mwanga. Utaona mikanda inayong'aa pale mbao zinaposuguana. Mikanda miwili iliyozunguka kote, mmoja karibu na kichwa na mwingine karibu na ncha, ni dalili njema: umbo ni sahihi, kilichopungua ni mshiko. Mkanda mmoja tu maana yake miteremko ya kigingi na tundu hailingani, na kigingi kinayumba upande usioguswa. Mkanda ukikatika-katika, kigingi au tundu limekuwa yai. Hapo ndipo kigingi hushika vizuri kikiwa kwenye pembe moja, na ukikigeuza robo mzunguko kinaachia. Mti haupungui sawasawa pande zote unapokauka, ndiyo maana duara halibaki duara.

Ukavu ndio chanzo kikubwa. Erhu iliyotengenezwa Suzhou, kwenye unyevu, ikapelekwa Beijing, itakutana na joto la majumbani linalowashwa kwa kawaida kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi. Vigingi husinyaa na kulegea. Kabla ya kutumia msasa, weka ala kwa wiki moja mahali penye unyevu wa asilimia 45 hadi 60, usukume vigingi ndani kidogo kila siku. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Ukikwangua mti uliosinyaa, msimu wa unyevu ukirudi utavimba na kukwama, na ulichokwangua hakirudi.

Mikanda ikiwa mizuri na bado kinateleza, paka chaki nyeupe kavu juu ya mikanda hiyo tu. Rudisha kigingi, kizungushe mara 10 kikiwa hakina uzi, kitoe, ufute vumbi lililozidi. Kikiwa bado kinaachia, ongeza rozini iliyosagwa, isiyozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Kikianza kuruka, umezidisha: futa, kisha gusa mikanda kwa sabuni kavu ya mche, kidogo sana. Mafuta ya aina yoyote usiyakaribishe. Yakishanywewa na mti hayatoki, na chaki haitashika tena.

Palipo na mkanda mmoja, kanda ya msasa namba 400 inaweza kupunguza sehemu iliyoinuka ya kigingi, mzunguko mmoja mmoja, ukipima kila mara kwa chaki. Tundu usiliguse. Tundu lililokuwa yai ni kazi ya fundi mwenye kekee ya mteremko. Atalisawazisha na kuchonga kigingi kinene zaidi. Kipande cha karatasi nyembamba kikizungushiwa kigingi kitakuvusha hadi umfikie fundi, si zaidi ya hapo.

Uzi nao una makosa yake. Zungusha mara 4 au 5, mizunguko ikae sambamba bila kupandana, ikitoka nchani kuelekea shingoni. Uzi ukivuta mbali na shingo, hupata nguvu ya wenzo, hukiinamisha kigingi, na polepole hulitanua tundu. Nimeona mizunguko imerundikwa nchani kabisa kwenye ala za bei kubwa, na inasikitisha kwa sababu kosa hilo hurekebishwa kwa dakika 5.

Unapotuni, shusha sauti kwanza, kisha ipandishe huku ukisukuma kigingi kuelekea mbele. Mkono wa pili uikinge shingo kwa mbele, usawa wa kigingi chenyewe. Ukizungusha bila kusukuma, unakitoa taratibu.

Haya yote ni ya vigingi vya mbao. Vile vya gia za shaba, hata vikiwa na kichwa cha mbao, visitiwe chaki wala rozini. Vumbi lake huziziba gia. Kaza skrubu ndogo robo mzunguko, na uangalie kama kifuko cha shaba chenyewe kinazunguka ndani ya shingo.