Siku moja maishani mwangu: mhudumu katika makao ya wazee

Saa 12:00 asubuhi. Napokea zamu. Nani hakulala, nani amekataa dawa, nani ameamka na homa. Tuko wahudumu wawili kwa wodi nzima. Zamani tulikuwa wanne, mpaka uongozi ulipoona mishahara inakula faida.

Saa 12:30. Kugeuza wagonjwa. Mzee asiyejiweza hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, la sivyo damu haifiki vizuri kisiginoni na makalioni, na kidonda kinaanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Inabidi upapase kwa kiganja: mahali penye joto au pagumu kuliko pengine ndipo pa kuhofia. Kazi hiyo haifanyiki mbiombio.

Saa 2:00. Chai. Babu mmoja alipata kiharusi. Namweka wima, nampa kijiko, natazama koo mpaka ameze, ndipo nampa kingine. Akiharakishwa atapaliwa, chakula kiingie mapafuni, na nimonia kwa umri wake ni hatari kubwa. Ratiba inampa dakika 10. Mimi nampa nusu saa, maneno nitayapokea baadaye.

Saa 4:00 hadi saa 5:00 ni kuogesha na kufua.

Saa 5:30. Kikao. Vitanda vimejaa, meneja amefurahi, ila anataka tupunguze nepi. Nimemwambia wazi kwamba mkojo ukikaa, ngozi inalainika na kuchubuka, na kidonda kikifika mfupani mzee anaishia hospitali. Akanijibu kwamba matibabu ya hospitali hayamo katika bajeti yetu. Hapo ndipo roho iliponiuma. Sipingi kituo kupata faida. Mshahara wangu unatoka humo humo. Ila akiba hii inabaki kwetu, na deni lake analipa mzee kwa mwili wake na wanawe kwa mifuko yao.

Saa 9:00. Bibi mmoja ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Mwenzangu anasema, "Uzee huo." Hapana. Jana jioni nilikaa naye akanihadithia wajukuu wote, mmoja baada ya mwingine. Mzee akichanganyikiwa ghafla, tafuta maambukizi, ukosefu wa maji, au dawa. Uzeeni hata kiu haisikiki sawasawa. Midomo imemkauka, mkojo ni mzito. Muuguzi amempigia daktari. Kama jana ningepita tu kitandani pake, leo ningejuaje kwamba amebadilika?

"Mwanangu, usiende," ananishika mkono. Nimekaa. Mashuka yakasubiri.

Saa 12:00 jioni. Nimeandika kwenye daftari: bibi apewe maji kidogo kidogo usiku kucha kama daktari alivyoagiza, babu asiharakishwe kula. Barua ya kuomba mhudumu wa tatu nimeiacha mezani kwa meneja. Safari hii mwenzangu na muuguzi nao wametia saini.