Jua lilipopenya kwenye shela

Nimetoka sasa hivi kumpiga picha bibi harusi. Hata viatu sijavua, nimekaa moja kwa moja kwenye kompyuta.

Tulianza jua likiwa bado kali, nikamsogeza chini ya mti. Kivulini uso unakuwa laini na macho hayakunjiki. Shida ni majani: yanamwaga rangi ya kijani kwenye ngozi, na kwenye gauni jeupe ndiyo haijifichi kabisa.

Jua lilipoanza kushuka nikamtoa, nikamgeuza limpige mgongoni. Lenzi ya milimita 85, tundu lake nimelifungua hadi f/2 ili nyuma yake pawe na ukungu. Mwanga nikaupima kwenye gauni, maana lesi ikishaungua kwa mwanga, yaani ikawa nyeupe tupu pichani, hairudi. Mdogo wake akamshikia rifleta, ule ubao wa kurudisha mwanga, mbele ili uso usizame gizani.

Mara upepo ukainua shela.

Jua likapenya, na kivuli cha lesi kikamwangukia shavuni. Maua madogo madogo, hadi karibu na mdomo. Mwenyewe hana habari, anamtazama mama yake tu.

Jamani, moyo ulinienda mbio!

Sasa naihariri picha hiyo. Nimepiga RAW, yaani faili ghafi linalotunza data yote ya kamera, kwa hiyo nimeshusha sehemu zilizong'aa sana na nyuzi za lesi zimejitokeza moja moja. Ngozi siilainishi. Nikiilainisha, yale maua yanafutika, na picha yenyewe ni yale maua.

Kinachonisumbua ni rangi. Wapigapicha wenzangu, jua la jioni mnaliacha na udhahabu wake, au mnalipooza ili gauni libaki jeupe? Niambieni, kesho asubuhi namtumia.